Somo: Kupanga kabati na kushona sketi ya lastiki kwa shuka kuukuu

Wengi wanaotaka kuanza kushona nyumbani huanzia dukani. Hupita Biashara Street jijini Nairobi, wakanunua kitenge cha yadi sita, kisha kikakaa kabatini mwaka mzima kikiwa kimekunjwa vilevile, kwa kuwa mkono usiozoea mkasi huogopa kukata kitu kilichogharimu fedha nyingi. Katika somo hili tutaanza na kabati, na kitambaa kitatoka humo humo.

Hatua ya kwanza: kabati

Fanya kazi hii mchana, kwa sababu madoa na rangi iliyopauka havionekani vizuri kwa taa. Toa kila kitu, ukitandaze kitandani, halafu uweke pamoja nguo za aina moja. Ukiona sweta nyeusi nne zimelala pamoja, hutanunua ya tano katika soko la mitumba la Toi kwa sababu tu ni ya bei nafuu. Kwa maoni yangu hasara kubwa ya mitumba ni hii, kwamba urahisi wa bei hutufanya tununue tulichonacho tayari.

Kisha tenga mafungu matatu. La kwanza ni nguo unazovaa, ambazo zitarudi kabatini: sweta zikunjwe, kwa maana zikining'inizwa mabega hurefuka, nayo mashati na magauni yaning'inizwe. La pili ni nguo za kurekebisha, na fungu hili liwe dogo sana. Usiweke humo ila nguo inayohitaji kifungo, pindo au mshono mmoja uliofumuka. La tatu ni la vitambaa, yaani mashuka, mapazia, leso zilizochujuka na mashati makubwa ya wanaume ambayo kola zimeisha lakini mgongo bado ni mzima. Kabla ya kugeuza nguo yoyote kuwa tambara, kata vifungo na ufumue zipu, uvihifadhi katika kopo.

Wanaoishi katika vyumba ambavyo kuta hutoa unyevu wakati wa mvua ndefu wasisukume kabati hadi ukutani. Acheni nafasi ya kiganja ili hewa ipite, la sivyo ukungu utaanzia kwenye nguo za nyuma.

Hatua ya pili: kukagua shuka

Shuka huchakaa katikati, pale mwili unapolala, ilhali pande zake hubaki na nguvu. Liinue mbele ya dirisha: sehemu zilizopungua zitapitisha mwanga mwingi kuliko nyingine. Zizungushie chaki, usikate hapo. Faida ya shuka kuukuu ni kwamba limefuliwa mara nyingi na halitapungua tena ukubwa, tofauti na kitambaa kipya cha pamba ambacho ni lazima kilowekwe, kikauke na kupigwa pasi kabla ya kukatwa.

Hatua ya tatu: kupima na kukata

Pima mzunguko wa kiuno, mzunguko wa nyonga mahali palipo panene zaidi, na urefu kutoka kiunoni hadi unapotaka sketi iishie. Upana wa kitambaa ni nyonga mara moja na nusu, ukiongeza sentimita 3 za mshono. Mwenye nyonga ya sentimita 100 atakata upana wa 153. Urefu ni ule uliopima ukiongeza sentimita 4.5 za njia ya lastiki. Sketi ya sentimita 65 itakatwa 69.5.

Sasa angalia jambo litakalokupunguzia kazi. Weka upande wa chini wa sketi sawasawa na ukingo mrefu wa shuka, ambao tayari umepindwa kiwandani au umefumwa usichanike, nawe hutahitaji kushona pindo hata kidogo. Fundi atakwambia kwamba nyuzi za mtande, yaani zile zinazofuata urefu wa kitambaa, zielekee chini, na kwa suruali au gauni la kubana ana haki. Kwa sketi ya marinda yenye kitambaa kingi kiunoni, mshindio, yaani nyuzi za kukingama, ukielekea chini hakuna atakayeona tofauti.

Hatua ya nne: kushona

Kunja kitambaa pande za nje zitazamane, upige bandi kwa mkono, yaani mishono mirefu ya muda, kisha ushone mshono mmoja wa nyuma, sentimita 1.5 kutoka ukingoni. Piga zigizaga kwenye kingo zisifumuke. Ufungue mshono kwa pasi. Anayeruka pasi hapa atavaa sketi inayoonekana ya nyumbani.

Juu, kunja sentimita 1, upige pasi, kunja tena sentimita 3.5, ushone karibu na ukingo wa chini wa mkunjo huku ukiacha mwanya wa sentimita 5. Kata lastiki yenye upana wa sentimita 2.5, urefu wake ukiwa kiuno ukitoa 5 na kuongeza 2 za kupachanisha. Ipitishe kwa pini, ushone ncha zake pamoja, ufunge mwanya.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, sina cherehani. Naweza kushona kwa mkono?*

Unaweza. Tumia mshono wa kurudisha sindano nyuma, kwa hatua ndogo, na uzi usiozidi urefu wa mkono wako ili usijifunge. Ukichoka, pigia sketi nzima bandi na pasi nyumbani, kisha umpelekee fundi wa mtaani. Atakachofanya ni kufuata mistari tu.

*Nitajuaje kama shuka ni la pamba au la polista?*

Chomoa nyuzi chache, uzishike kwa kibano juu ya sinki, uziwashe. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Polista huyeyuka na kuacha tone gumu, na mchanganyiko huonyesha dalili zote mbili.

*Dada, tumbo langu limezidi nyonga, na kila sketi hupanda mbele. Nifanyeje?*

Tumia kipimo cha tumbo badala ya cha nyonga. Kwa kuwa chini hatukati, nyongeza iwekwe juu: katikati ya mbele acha ukingo wa kiunoni upande sentimita 3, ushuke polepole hadi ubavuni, halafu kunja njia ya lastiki kwa kufuata mteremko huo. Hakikisha mshono unabaki nyuma unapovaa, vinginevyo nyongeza itakwenda mahali pasipofaa.

*Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Nikianza kushona, nyuzi hujisokota upande wa chini. Je, bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, imeharibika?*

Mara nyingi kosa ni la uzi wa juu, ingawa fundo huonekana chini. Inua mguu unaobana kitambaa, utoe uzi wote, uupitishe upya ili uingie vizuri katikati ya visahani vya mkazo, vile vinavyobana uzi. Unapoanza, shika ncha za nyuzi zote mbili nyuma ya mguu kwa mishono mitatu ya kwanza. Tatizo likiendelea, badilisha sindano: namba 14 inatosha kwa shuka, na 16 uiweke kwa ajili ya jinzi.