Ukikutana na "get", tazama neno linalofuata

Wanafunzi wangu wa Kiingereza, watu wazima wote, hunidai maana moja ya "get" ili waikariri. Siwapi. Aliyekariri kwamba "get" ni kupata ataelewa "I got a letter", kisha "I'm getting old" itamshinda, na "We got home late" itamchanganya zaidi. Ninachowafundisha ni zoea moja: maana ya "get" iko kwenye kinachoifuata.

Ikifuatwa na nomino, hapo ni kupata kweli, au kupokea, kununua, kwenda kuchukua. Sehemu hii nyepesi.

Ikifuatwa na kivumishi, habari ni ya kubadilika hali. "Get tired" ni kuchoka, "get fat" kunenepa, "get angry" kukasirika. Mara nyingi Kiswahili kina kitenzi kimoja kwa badiliko lenyewe, kwa hiyo usihangaike kutafuta tafsiri ya "get" peke yake, haipo. Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu darasani, kwa sababu ya "be", kile kitenzi cha kuwa kinachojitokeza kama "is" au "was". "She is married" yaeleza hali: ameolewa. "She got married in June" yaeleza tukio: aliolewa Juni. Ukizishika hizi mbili, Kiingereza chako kitanyooka ghafla.

Ikifuatwa na mahali, ni kufika. Sema "get to the station", lakini "get home", "get here", "get there" bila "to". Vyombo vya usafiri vina kanuni yake: gari dogo ni "get in" na "get out of", basi, treni na ndege ni "get on" na "get off".

Kisha kuna "get paid", "get fired", "get robbed". Hiyo ni kauli ya kutendwa, ile -wa yetu: kulipwa, kufukuzwa, kuibiwa. Ni lugha ya mazungumzo. Kwenye barua rasmi andika "be".

Mtu au kitu kikiingia katikati ya "get" na kitenzi kingine, "get" inakuwa ya kusababisha. "I got him to sing": nilimshawishi akaimba. Na tafadhali, kama umenyolewa na kinyozi, sema "I got my hair cut". Ukisema "I cut my hair", wengi wataelewa umeshika mkasi mwenyewe.

Ninayoipenda kuliko zote ni "I got to meet her", kwa kuwa Kiswahili kinayo vilevile: nilipata kuonana naye. Nafasi ilijitokeza, nikaitumia.

"Have got" ni kuwa na kitu, basi. Wamarekani huongeza "gotten": kwao "I've got a car" ni nina gari, ilhali "I've gotten a car" ni nimepata gari. Uingereza hutumia "got" kwa zote mbili.

Yapo mafungu ya kukariri mazima: "get up" kuamka, "get over" kupona au kusahau machungu, "get by" kujikimu kwa kidogo, "get away with" kufanya kosa bila kuadhibiwa. Hapa kubahatisha hakusaidii.

Zoezi langu ni hili. Chukua ukurasa wa hadithi yoyote ya Kiingereza, zungushia duara kila "get" na "got", pigia mstari neno linalofuata, halafu andika sentensi nzima kwa Kiswahili ukijizuia kutumia "kupata" mpaka ukose kabisa neno jingine.