Kabla hujang'oa jino hospitali ya serikali: mambo ya kuzingatia

Kula kwanza. Kung'oa jino ni ganzi ya sindano tu mdomoni, si kulazwa usingizi, na anayekwenda na njaa ndiye anayeona giza akiinuka kitini. Piga mswaki. Beba kitambulisho, kadi ya bima kama unayo, na daftari lako la hospitali.

Usisubiri kuulizwa: sema mwenyewe kama una presha, sukari, mimba, au unameza aspirini na dawa nyingine za kuzuia damu kuganda.

Uliza kama jino linaweza kuzibwa. Ni haki yako kuelezwa njia zilizopo, gharama na madhara, na ni haki yako kukataa. Kituo kisicho na vifaa vya kuziba kitakuambia ung'oe. Hapo omba rufaa, kwetu kusini mwa Tanzania iwe ni Mtwara mjini au Lindi.

Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo aanzie ofisi ya ustawi wa jamii kuulizia msamaha, akiwa na barua ya kijiji au mtaa. Aende kabla ya kupanga foleni, maana baada ya huduma ni ubishi mtupu. Anayelipa alipe kwa kumbukumbu namba (control number) na adai risiti. Hela ya mkononi haina ushahidi.

Sasa hili la daftari, nisikilizeni vizuri. Mama yangu mkubwa, mtu wa Newala, aling'olewa gego msimu wa korosho kwenye hospitali moja ya serikali huku kusini. Ganzi ilipokwisha, maumivu yakarudi yale yale. Akipitisha ulimi, pengo lipo, na nyuma yake jino lenye tundu limekaa pale pale. Tukarudi naye. Zamu ilishabadilika, na daftarini kulikuwa na maneno mawili, "Ameng'olewa jino," na dawa ya maumivu. Jino gani? Hakuna. Risiti hakuna, hela alimpa mtu mkononi. Mganga mfawidhi, yaani mkuu wa hospitali, hakutufukuza, ila aliuliza: "Mama, nitajuaje kama lililotoka nalo halikuwa bovu?" Jino lenyewe lilishatupwa. Tukaambiwa litafuatiliwa. Hadi leo mama mkubwa anatafunia upande mmoja, na la pili alilipia upya.

Kwa hiyo, kabla ya sindano, gusa jino kwa kidole, daktari au tabibu wa meno aligonge mkubaliane, kisha aandike namba ya jino hilo daftarini pamoja na jina lake mwenyewe. Namba hizo si siri. Kwa mtu mzima, tarakimu ya kwanza ni upande: 1 juu kulia kwako, 2 juu kushoto, 3 chini kushoto, 4 chini kulia. Ya pili unahesabu kuanzia katikati ya mdomo kwenda nyuma. Jino la 46 ni la chini kulia, la sita. Hesabu kwa ulimi kabla hujachomwa ganzi, baadaye hutahisi kitu.

Likiharibika jambo, andika barua kwa mganga mfawidhi, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Sanduku la maoni linafaa kwa lugha chafu na foleni, lakini halikuachii karatasi mkononi. Ukinyamaziwa, panda kwa mganga mkuu wa wilaya, halafu wa mkoa. Kosa la kitaaluma lina Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo linawahusu na wa meno kwa sheria ya mwaka 2017. Ukiombwa hela nje ya risiti, piga TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, 113, ni bure.

Ukitoka, ng'ata pamba nusu saa. Siku hiyo usisukutue, usivute sigara, na pombe iache. Siku ya tatu maumivu yakizidi badala ya kupungua, au taya likavimba, mdomo ukagoma kufunguka, ukashikwa na homa, rudi siku hiyo hiyo, usingoje Jumatatu. Na nenda na mtu. Wa kukushikia daftari, wa kusikia unachoambiwa wakati mdomo umejaa pamba, na wa kukaa nawe kwenye bodaboda kama kwenu ni mbali.