Nyumba juu ya shamba la zamani la matufaha: jinsi ya kupima na kusafisha udongo

Kama unakaa Wenatchee, Yakima au bonde jingine la matufaha jimboni Washington, soma hili kabla hujapanda mchicha. Mpaka miaka ya 1940, wakulima huko walinyunyizia miti aseneti ya risasi, dawa yenye sumu mbili, madini ya risasi na aseniki, kuua viwavi wa nondo wanaotoboa matufaha. DDT, dawa nyingine ya wadudu, ilipoingia, ile ya risasi ikaachwa. Miti ikang'olewa, nyumba zikajengwa, lakini risasi na aseniki haziozi. Zimebaki palepale juu, kwenye udongo ambao mtoto anauchezea.

Kwanza, ulizia historia ya kiwanja. Idara ya Ekolojia ya jimbo ina ramani ya mashamba ya zamani. Waulize pia kama watakupimia wenyewe.

Pili, pima. Chimba sentimita 15 za juu sehemu kadhaa, toa mawe na mizizi, changanya kwenye ndoo safi, peleka maabara. Hapa wengi tunakosea: kipimo cha rutuba hakionyeshi sumu hizi. Mimi nilirudishiwa karatasi nzuri ya naitrojeni na potasiamu, nikafurahi bure. Taja kwa jina: risasi na aseniki. Penye bembea, pasipo na nyasi, chukua sampuli ya peke yake.

Tatu, linganisha. Kiwango cha jimbo cha kuanza kusafisha ni miligramu 20 za aseniki au 250 za risasi kwa kilo ya udongo.

Nne, amua. Kuchimba na kupeleka kwenye jalala lenye kibali kunamaliza kazi, ila kunamaliza na mfuko. Njia ya wengi ni kufunika: tandaza kitambaa kinachopitisha maji, mwaga udongo safi juu, panda nyasi. Siku ukichimba siku za mbele, ukikiona kile kitambaa ujue umefika kwenye sumu. Lowesha udongo kabla ya kuugusa, vumbi lisiruke.

Mboga ziwe kwenye matuta ya mbao yenye udongo wa kununua.

MASWALI

Kaka, theluji na mvua za miaka 70 hazijaosha tu?
Hapana. Risasi na aseniki zinashikamana na udongo, hazishuki mbali.

Nimesikia mbolea ya fosfeti inafunga risasi. Niweke?
Usiweke, ndugu. Inafunga risasi kweli, lakini inaifungulia aseniki.

Lengalenga zangu tumekula miaka miwili. Tutakufa?
Pole dada, usiogope hivyo. Hamisha majani na karoti kwenye matuta, osha vizuri, maana hatari kubwa ni vumbi lililoganda. Watoto wapeleke wapimwe risasi kwenye damu.

Na kuku?
Wanadonoa udongo siku nzima, na risasi inafika kwenye yai. Wajengee banda juu ya udongo safi.

Sisi tumepanga, mwenye nyumba hataki kusikia.
Mpe majibu ya maabara kwa maandishi. Wakati mnasubiri, viatu viachwe mlangoni, piga deki kwa maji badala ya kufagia, na watoto wanawe mikono kabla ya kula.