Pikipiki ya zamani inatetema mpaka mikono inakufa ganzi? Anzia kwenye bolti za injini

Wanangu wa Arusha na Moshi mnaotembelea pikipiki za siku nyingi, ukiona saidi mira haionyeshi kitu ukifika spidi 60 na ukishuka vidole havina hisia, usikimbilie kununua gripu laini. Gripu inaficha tu, huko chini mtetemo unaendelea kulegeza nati na kupasua fremu, na vidole vikitikiswa hivyo miaka na miaka neva zinaharibika kweli, siyo utani.

Injini ya pistoni moja lazima itetemeke kidogo. Uzito uliopo kwenye krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) unapunguza sehemu tu ya ule mshindo wa pistoni, na Honda CG125 za zamani hazina shafti ya balansa (ya kupunguza mtetemo) kama injini nyingi za sasa. Tunachotafuta ni ile ziada ambayo haikuwepo pikipiki ikiwa mpya.

Kabla hujashika spana jua inatoka wapi. Tafuta lami iliyonyooka, mfano ukishapita Usa River kuelekea uwanja wa ndege wa KIA asubuhi mapema, hakikisha nyuma hamna gari, fika spidi ile inayosumbua halafu bana klachi na uachie mafuta. Ikitulia hapohapo basi ni injini au ilivyofungwa, ila kama inaendelea na inapungua taratibu kadiri spidi inavyoshuka, hapo ni magurudumu au cheni.

Kama ni injini, weka stendi kubwa ikiwa imepoa, isukume injini kushoto kulia kwa mikono miwili huku mwenzako ameweka kidole pale injini inapokutana na fremu, mchezo hata wa unywele kidole kinausikia. Sasa hapa wengi wanaharibu, wanakaza bolti moja kwa nguvu zote halafu wanahamia nyingine, matokeo yake injini inakaa imejikunja na inatetema kuliko mwanzo. Legeza zote kidogo bila kuzitoa, itikise injini ikae yenyewe, zungusha nati zote kwa mkono, ndo ukaze kwa zamu kidogo kidogo. Bolti ukiitoa ukakuta imelika katikati ina pete inayong'aa, tupa, hata uikaze vipi itacheza tena, na weka spring washa mpya. Angalia pia ile pleti ndogo inayoshika kichwa cha injini na fremu kama pikipiki yako inayo, mara nyingi injini ikishafunguliwa gereji hairudishwi, na bila hiyo kichwa kinayumba.

Ukiwa hapohapo kagua nyufa. Safisha sehemu bolti zinapoingia kwenye fremu, paka mafuta ya taa, subiri kidogo, futa mpaka pakauke kabisa halafu pakaza chaki nyeupe. Washa injini dakika moja uzime, kama kuna ufa mafuta yatatoka na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Ukiuona usipande tena mpaka pachomelewe.

Tapeti na kabureta usizisahau, injini inayokosakosa moto inatikisa sana. CG125 nafasi ya tapeti kwenye vali ni 0.08 mm injini ikiwa baridi. Na Arusha tuko juu, kama mita 1,400 toka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, so plagi ikitoka nyeusi ina masizi anza na filta ya hewa halafu kabureta, mafuta yanazidi.

Upande wa magurudumu: gonga spoku moja moja, iliyolegea mlio wake mzito. Shika tairi juu na chini ulitikise, likicheza ni beringi. Cheni pima sehemu tofauti huku unazungusha gurudumu, icheze kama sentimita 2 hadi 3, ikibana upande mmoja na kulegea mwingine imeisha, badilisha pamoja na sproketi zote mbili. Raba za habu ya nyuma zikichoka unasikia mshtuko kila ukiachia na kurudisha mafuta.

Yote hayo yakishakaa sawa ndo uongeze vyuma vizito kwenye ncha za usukani, vinasaidia kweli kwa mikono. Sproketi ya mbele ukitoa meno 14 ukaweka 15 injini inapunguza mizunguko karibu asilimia 7 kwa spidi ileile, safi kwa anayepiga Moshi–Arusha, ila kama kazi yako ni kupandisha mizigo mlimani Kibosho acha, utateseka na gia.

Ukisikia mlio mzito wa kugonga ngo ngo ngo chini ya injini ukipiga resi, zima. Hiyo ni beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki), hakuna bolti itakayoisaidia, krenki lazima itoke, na fundi akishaikandamiza upya mwambie aipime kwa dayo geji (saa ya kupimia kama imenyooka) mbele yako kabla hajafunga.