Jinsi ya kuomba kodi yako iingizwe kwenye mradi wa programu huria

Wadogo zangu wa Nyegezi na Buzuruga mmeniuliza sana hili jambo, naliandika hapa lote. Kodi hapa sio ile ya serikali, ni code, maandishi yanayounda programu, na programu huria ni ile ambayo maandishi hayo yameachwa wazi watu wayasome na kuyaboresha. Nasema kuomba kwa sababu ndivyo ilivyo, huingizi kitu mwenyewe, unapeleka ombi na wenye mradi ndo wanaamua.

Anza na programu unayoitumia kweli. Mtu anayechora mitaa ya Igoma kwenye OpenStreetMap, ile ramani huria ya mtandaoni, anajua tayari wapi kile chombo cha kuchorea kinamsumbua, huyo ana pa kuanzia pazuri kuliko anayesaka mradi wenye jina kubwa tu. Ukishaupata soma faili la CONTRIBUTING lote, mle wameeleza kodi iandikwe vipi, majaribio yanaendeshwaje na maombi yanapokelewa wapi, maana sio kila mradi unapokea kupitia GitHub, tovuti ambako miradi mingi inaweka kodi yake, Linux mpaka leo mabadiliko wanatumiana kwa imeili na lazima uweke mstari wa Signed-off-by wenye jina lako.

Sasa hapa ndo wengi wanaanguka. Kabla hujaandika kodi, ingia kwenye orodha ya matatizo ya mradi (issues) utafute lenye lebo ya good first issue, yaani linalomfaa anayeanza, soma mazungumzo yote chini yake uone kama kuna mtu kashalichukua, kisha waandikie kwamba unataka kulishughulikia na ueleze utalitatuaje, halafu SUBIRI wakujibu. Mimi mara ya kwanza niliruka hii hatua, nikakesha wiki mbili narekebisha kitu, kumbe wenyewe walishakubaliana kile kipande chote kinaondolewa, ombi likafungwa siku hiyohiyo. Iliniuma sana jamani, na jibu lilikuwepo palepale kwenye mazungumzo ambayo sikuyasoma.

Wakikukubalia, bonyeza Fork upate nakala yako, kisha ishushe kwenye laptopu kwa git clone, amri ya Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya kodi. Kama bando ni la mawazo ongeza --depth 1, itashusha hali ya sasa tu bila historia ya miaka yote, siku ukiihitaji hiyo historia unaandika git fetch --unshallow. Imeili utakayoweka kwenye Git itaonekana na kila mtu kwahiyo chagua vizuri, GitHub wanatoa anwani ya kuficha ile yako halisi.

Fungua tawi jipya (branch, yaani njia ya pembeni ya kufanyia mabadiliko yako), git checkout -b rekebisha-tarehe, usifanyie kazi kwenye main, lile tawi kuu. Rekebisha kitu kimoja tu. Anayekagua kodi ni kama mnunuzi wa dagaa pale sokoni Mwaloni Kirumba, anazamisha mkono mpaka chini ya gunia kuangalia mchanga, sasa ukimchanganyia marekebisho ya kweli na nafasi mia mbili ambazo editor yako imezipanga upya yenyewe, atakuachia gunia lako. Pitia git diff, inayoonyesha ulichobadilisha, mstari kwa mstari, endesha majaribio, ndo ufanye komiti, yaani uyahifadhi mabadiliko kwenye Git.

Kwenye git push, yaani kusukuma kazi yako iende GitHub, ukiulizwa paswedi, ile ya akaunti haikubali, GitHub waliiondoa Agosti 2021, tengeneza tokeni au tumia ufunguo wa SSH, hivyo ndo vinashika nafasi ya paswedi. Ukishasukuma nenda kwenye ukurasa wa mradi ufungue pul rikwesti, ndo lile ombi lenyewe, eleza tatizo lilikuwa nini, umefanya nini na umejaribuje. Andika Fixes na namba ya tatizo, mfano Fixes #123, likiingizwa tatizo linajifunga lenyewe. Kiingereza cha kawaida kinatosha kabisa, wanachotaka ni kuelewa.

Watakuja na maoni, pengine mengi, usikate tamaa na wala usifungue ombi jipya! Rekebisha kwenye tawi lilelile, sukuma tena, ombi linajisasisha. Wengi wao wanajitolea baada ya kazi zao, kwahiyo kimya cha siku tatu nne ni kawaida, zikipita wiki mbili wakumbushe kwa heshima, mara moja.

Likishaingizwa futa lile tawi, rudi main, vuta mabadiliko mapya kutoka kwenye mradi wenyewe, na kazi inayofuata ianzie tawi jingine.