Kabla Hujatia Mkasi Kwenye Gauni la Mama

Gauni la zamani likiletwa mezani kwangu, kitu cha kwanza ninachofanya ni kuligeuza nje ndani. Mwenyewe huwa ameshalitazama vya kutosha kwa nje: lesi, shanga, mikono iliyojaa kama puto, na kwenye simu ana picha ya mama yake siku ya harusi, mwaka 1983. Mimi nataka kuona mishono. Litamtosha? Litapanuka? Litavumilia kucheza mpaka saa sita usiku? Majibu yote yako ndani, kwenye kile kitambaa kilichobaki pembeni ya mshono.

Nayaandika haya kwa ajili ya anayetaka kuvaa gauni la mama au la bibi, au aliyepata la kizamani mtumbani Karume au Gikomba, au anayetaka kushona jipya kwa mtindo wa zamani, na tarehe ya shughuli imeshapangwa. Nguo nyingi nilizoziona zikiharibika ziliharibika kabla mtu hajakalia cherehani.

Hesabu siku kwa kurudi nyuma kutoka siku ya shughuli. Gauni la kurekebisha nalitengea wiki 8, jipya la kushona kuanzia mwanzo wiki 6. Watu hushangaa kwamba la zamani ndilo linalotaka muda zaidi. Lakini la zamani lazima lifumuliwe kwanza, na kufumua satini iliyokaa miaka 40 ni kazi ya mkono, uzi mmoja baada ya mwingine. Katika wiki hizo tenga siku 3 za kujaribisha mwilini, na ya mwisho iwe siku 7 au 10 kabla ya shughuli, kwa sababu maharusi wengi hupungua kwa mihangaiko. Kama shughuli inaangukia Desemba, au siku za kuelekea Pasaka au Idd, ongeza wiki 2. Mafundi wote wakati huo wamefunikwa na sare za kamati na nguo za watoto za sikukuu, na fundi aliyechoka hukosea kukata.

Sasa turudi ndani ya gauni. Shika futi kamba upime upana wa kitambaa kilichobaki pembeni ya mshono, ubavuni kote kuwili. Nguo ya kiwandani, hasa iliyopigwa ovaloki (uzi wa mashine unaozuia kingo zisichambuke), mara nyingi ina sentimita 1 tu, na hapo hakuna cha kupanua. Iliyoshonwa na fundi wa mtaani huwa na zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tanzania ilikuwa na uhaba wa bidhaa, vitambaa vikiwemo, na magauni ya miaka ile niliyoyafungua mengi yana sentimita 2 na nusu, hata 3, zimekunjwa vizuri ndani. Fundi alijua nguo ile itavaliwa na zaidi ya mtu mmoja. Kila nikizikuta huwa namshukuru kimoyomoyo.

Hesabu yake iko hivi. Kiuno cha gauni ni sentimita 66, cha binti ni 74, na anahitaji 3 za kupumulia na kulia pilau, kwa hiyo tunatafuta 77. Pungufu ni 11. Ubavuni kuna sentimita 2 na nusu kila upande wa mshono; tukiacha 1 ya kushonea tunapata moja na nusu, mara nne, jumla 6. Mgongoni kuna dati mbili, yaani mikunjo iliyoshonwa ili kubana kiuno, kila moja imekula sentimita 2. Tukizipunguza nusu tunapata 2 nyingine. Bado 3. Hizo tatu hazitoki kwa kuvuta wala kwa kuomba binti ajinyime chakula. Zinatoka kwa kuondoa zipu ya mgongoni na kuweka vitanzi na kamba za kufungia, na nyuma yake kipande cha satini kuziba mwanya. Binti akipungua kabla ya siku unakaza, akiongezeka unalegeza. Ukiifanya hesabu hii kwenye karatasi mapema, utajua kama kazi inawezekana kabla hujavunja uzi hata mmoja.

Lakini kitambaa kuwepo si sawa na kitambaa kufaa. Hili nilijifunza kwa kuumia. Nilifungua mshono wa ubavuni wa gauni la satini jioni, chini ya taa, nikaona safi, nikashona upya mpaka usiku. Asubuhi nikalipeleka mlangoni kwenye mwanga wa jua. Kuanzia kwapani hadi nyonga kulikuwa na mstari wa vitundu vya sindano ya zamani, na pembeni yake mkanda mwembamba mweupe kuliko gauni lote, maana sehemu ile haikuwahi kuona mwanga tangu iliposhonwa, wakati gauni lenyewe lilishageuka rangi ya maziwa ya mtindi. Mama mwenye gauni alikuwa anakuja saa nne. Niliokoa hali kwa kuzungushia lesi nyembamba juu ya mistari yote miwili, ikaonekana kama pambo, na nikamweleza ukweli. Tangu siku hiyo nafungua sentimita 5 tu, mahali pasipoonekana, nalowesha kidogo, napiga pasi kwa ndani, kisha natazama mchana. Vitundu visipofunga, nafikiria lesi au utepe kabla ya jambo lolote lingine.

Kagua makwapa kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa sababu jasho hudhoofisha kitambaa hata kama doa halionekani. Shika pande mbili za mshono, vuta taratibu huku umeelekeza dirishani. Ukisikia kama karatasi inachanika, au nyuzi zikaachana, acha. Gauni hilo halitabeba mikono ya mtu anayecheza. Unaweza kuondoa mikono na kutanua tundu mpaka ufikie kitambaa kizima, au kuchukua lesi yake na kuihamishia kwenye gauni jipya. Hariri ya zamani mno inaweza kukatika yenyewe kwenye mikunjo; katika karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20 viwanda vililowesha hariri kwenye chumvi za madini ili ionekane nzito, na chumvi hizo huitafuna taratibu. Hiyo hata fundi bingwa haiponyi.

Jua pia ni kitambaa gani. Toa nyuzi chache ndani ya pindo, zishike kwa kibanio juu ya bakuli la maji, washa. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu mepesi. Sufu na hariri hunuka nywele zilizoungua. Polista huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Ukishajua, utajua na pasi yako: lesi ya nailoni au polista ipigwe pasi ya uvuguvugu, juu yake kitambaa cha pamba chenye unyevu. Jiki usiisogeze kwenye hariri wala sufu, inazila. Satini na bitana nyingi za zamani ni asetati, kitambaa cha kiwandani kinachong'aa kama hariri, na dawa ya kuondolea rangi ya kucha yenye asetoni huyeyusha asetati palepale. Waambie wapambaji wa bibi harusi mapema: kucha zimalizwe kabla gauni halijatoka kwenye hanga.

Vipimo vya mvaaji vichukuliwe akiwa amevaa sidiria atakayoivaa siku hiyo. Kifua, kiuno, nyonga, bega hadi bega, shingo hadi kiuno kwa mgongoni, na mkono wa juu, ambao husahaulika sana na ndio unaobana kwenye magauni ya zamani. Namba ya saizi iliyoandikwa kwenye nguo ya mtumba ya miaka ya 1960 isikudanganye, saizi zimebadilika sana tangu wakati ule. Amini futi kamba. Pindo lisiguswe mpaka viatu vyenyewe viwepo. Si viatu vinavyofanana na hivyo. Vyenyewe.

Kama unashona jipya kwa mtindo wa zamani, wengi huniletea picha ya aina moja: kiuno chembamba, sketi pana. Mtindo huo ulivuma baada ya Christian Dior kuonyesha nguo zake Paris, Februari 1947, na ukatawala miaka ya 1950. Sketi zile zilisimama kwa sababu ya kilichokuwa chini yake. Kwa hiyo kabla ya kununua kitambaa, panga bajeti ya shimizi la neti. Bila hilo sketi itakulalia miguuni, na utamlaumu fundi bure.

Sketi ya duara ina hesabu nyepesi: gawa kiuno kwa 6.28, upate umbali wa kutoka kwenye ncha ya kitambaa hadi mstari wa kiuno. Kiuno cha 74 kinatoa karibu 11.8. Ongeza urefu wa sketi, tuseme 65, na nafasi ya kushonea, unafika karibu 79. Kitenge cha upana wa sentimita 115 hakitoshi duara zima kwa mkupuo, kwa hiyo unakata nusu mbili, kila moja ikitaka urefu wa kama mita 1.6. Pande la yadi 6 linatosha sketi na kifua, na kinabaki cha kilemba. Chagua ua lisilo na juu wala chini, kwa sababu kwenye duara ndege aliyesimama vizuri mbele atakuwa amelala ubavuni. Kifue kitambaa kabla ya kukata. Na ukishaunga kiuno, tundika sketi usiku mzima kabla ya kukata pindo, kwani sehemu zilizokatwa kimshazari hurefuka zenyewe. Usipoitundika, itarefukia ukumbini.

Khanga ni habari nyingine, na mimi nina msimamo wangu: usiikate duara. Ukiikata duara unapoteza pindo na jina. Chukua doti moja, unganisha vipande viwili kwa upande, pindo la chini libaki chini, kisha kusanya marinda kiunoni. Unapata mzunguko wa karibu mita 3, jina linasomeka mbele na nyuma, na pindo la juu ukilikata linatengeneza mkanda. Lakini soma jina kwanza, na msomee mtu mwingine kwa sauti. Maneno yanayochekesha dukani yanaweza kumchoma mama mkwe kwenye sendofu.

Kwa kitambaa cha bei, kata kwanza mfano kwa marekani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi. Jina hilo lina historia yake: wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikileta Zanzibar kwa wingi katika karne ya 19. Kwangu kazi yake ni kukosewa. Shona kifua cha marekani, mvalishe binti, mwambie akae, ainue mikono, acheze wimbo mmoja mzima. Chora juu yake kwa kalamu, kata, bandika, kisha hamishia marekebisho kwenye kitambaa chenyewe.

Kwa harusi za Arusha, Mbeya au Lushoto mwezi wa saba, kibolero, yaani kikoti kifupi, cha kufuma juu ya gauni kinapendeza na kinasitiri baridi. Fuma kwanza kipande cha sentimita 10 kwa 10, kifue, kianike kikiwa kimelala, ndipo uhesabu. Kama kielelezo kinataka vitanzi 22 na wewe unapata 20, nguo iliyotakiwa kuwa 90 kifuani itatoka 99. Nunua uzi wote siku moja, na namba ya rangi kwenye kila bonge iwe ileile. Ukitaka kufumua sweta la mtumba upate uzi wa sufu, kagua ubavuni. Likiwa limekatwa na kupigwa ovaloki utavuna vipande vifupi visivyofaa kitu.

Mambo madogo: sindano mpya ya namba 70 kwa satini na shifoni, 80 au 90 kwa kitenge. Zipu ya chuma inayokwama isuguliwe mshumaa, na ikiwa na kutu ibadilishwe. Gauni jeupe lipigwe pasi siku moja kabla, umeme ukiwepo. Usisubiri umeme ukatike ndio ukimbilie pasi ya mkaa, cheche moja inatosha. Mfukoni mwa msimamizi kuwe na sindano yenye uzi tayari, pini 6 na kipande cha chaki nyeupe cha kufunika doa.

Na kabla ya kukata chochote, muulize mwenye gauni mbele ya binti. Sikubali neno la binti peke yake. Mama mmoja alikaa kimya muda mrefu, akashika ile mikono ya puto, akasema, "Hii alinichagulia marehemu dada yangu." Binti hakuwa analijua hilo. Tuliitoa mikono kwa kufumua mshono, bila kukata, pamoja na vifungo vyake 8 vilivyofunikwa kitambaa. Nikaifunga kwenye shuka jeupe la pamba lililofuliwa, maana mfuko wa nailoni hufuga ukungu, nikamkabidhi mama siku ileile gauni lilipotoka.