Kuwapeleka wanafunzi Roma kutazama sanaa ya Baroko

Kazi nyingi za Baroko, mtindo wa sanaa wa Ulaya ya karne ya 17, zilitengenezwa kwa ajili ya ukuta fulani, mwanga fulani na mtu aliyesimama mahali fulani. Ndiyo maana ninapokuwa Roma na wanafunzi wangu wa sekondari kutoka Mwanza, kazi yangu kubwa ni kuwasimamisha panapostahili, kisha kunyamaza.

Hatua ya 1: Punguza orodha. Safari ya kwanza nilipanga makanisa tisa kwa siku moja, na kufikia alasiri watoto walikuwa hoi, hawaoni tena kitu. Siku hizi ni mawili tu.

Hatua ya 2: Jiandae. Makanisa mengi hufungwa mchana, kwa hiyo yatembelee asubuhi. Mabega na magoti yafunikwe. Kanga mbili tatu mkobani huokoa mengi. Mkikuta Misa inaendelea, kaeni kimya viti vya nyuma au mngoje nje, maana wenyeji wamekuja kusali. Beba pia sarafu za yuro, kwani baadhi ya makanisa yana kisanduku cha kuwashia taa kwa sarafu.

Hatua ya 3: Anzia kanisa la San Luigi dei Francesi, ila usikimbilie kuwasha taa. Kwenye kikanisa cha mwisho upande wa kushoto kuna picha tatu za mchoraji Caravaggio kuhusu Mtakatifu Mathayo, na mbili za pembeni alizikamilisha mwaka 1600. Waache macho yazoee giza. Ukutani kushoto ni Kuitwa kwa Mathayo: mwanga uliochorwa unatoka kulia, upande uleule lilipo dirisha la kweli juu ya altare. Wakishaligundua hilo wenyewe, tumbukiza sarafu. Kisha uliza swali moja: Mathayo ni yupi? Ni mzee mwenye ndevu anayenyoosha kidole, au kijana aliyeinamia fedha mwisho wa meza? Waache wabishane kwa kunong'ona. Usitoe jibu, kwa sababu hata wataalamu hawajakubaliana.

Hatua ya 4: Nendeni kanisa la Sant'Ignazio, ni mwendo mfupi kwa miguu. Sakafuni kuna duara la marumaru. Asimame hapo mwanafunzi mmoja mmoja atazame juu: nguzo alizochora darini mchoraji Andrea Pozzo zinapanda wima hadi mbinguni. Asogee hatua kumi, nguzo zinaanza kuinama kana kwamba zitaanguka. Mbele kidogo kuna kuba ambalo halipo. Ni turubai bapa aliyoichora mwaka 1685, kwa kuwa kuba la kweli halikujengwa. Hapa sihitaji kueleza kitu, miguu yao inawafundisha.

Hatua ya 5: Galleria Borghese, jumba la makumbusho ya sanaa. Tiketi zikatwe mapema, kwani mnaingia kwa zamu zenye muda wa saa mbili kila moja. Nendeni moja kwa moja kwa Apollo na Daphne, sanamu ya mchongaji Bernini inayoonyesha msichana Daphne akigeuka mti, ya miaka ya 1622 hadi 1625. Wazunguke polepole: kila hatua vidole vya Daphne vinazidi kuwa majani. Kila mmoja achore kwa penseli mkono mmoja tu. Dakika kumi za kuchora zina faida kuliko saa nzima ya maelezo yangu.

Hatua ya 6: Malizieni Piazza Navona, kwenye Chemchemi ya Mito Minne ya Bernini, iliyokamilika mwaka 1651. Kila mto una sanamu yake ya mtu. Mtafuteni Nile. Ni yule aliyefunikwa kichwa kwa kitambaa, kwa sababu Wazungu wa wakati huo hawakujua chanzo chake. Mimi husubiri hapa kwa hamu kuliko mahali pengine popote. Watoto waliokulia kando ya Ziwa Victoria, ambako Nile hutokea, wanaokunywa maji yake na kula sato wake, wanasimama mbele ya lile jiwe na kulitazama muda mrefu. Mwaka jana binti mmoja aliniuliza, "Mwalimu, kwa nini hawakutuuliza sisi?" Tulikaa ukingoni tukalizungumza hilo hadi taa za uwanja zikawaka.